Karatasi za Maswali za Kupimia Huzuni, na Namna ya Kuziuliza kwa Kiswahili

Walimu na makasisi wengi siku hizi huletewa karatasi yenye maswali machache, pamoja na ombi kwamba wawasomee watu maswali hayo na kuyaandika majibu. Mara huletwa na tabibu wa zahanati, mara na watu wa chuo kikuu wafanyao uchunguzi, mara hupelekwa shuleni ili wanafunzi waijaze kwa mikono yao wenyewe. Karatasi yenyewe ni fupi, aghalabu haizidi ukurasa mmoja. Nayo yadai kupima jambo lisilopimika kwa mizani wala kwa kipimajoto, yaani uzito wa huzuni iliyomo moyoni mwa mtu.

Tumeona ya kuwa wenzetu hugawanyika pande mbili. Wa kwanza huiamini kupita kiasi: wakisha kujumlisha alama hutangaza kwamba fulani ni mgonjwa na fulani ni mzima, wala hawaoni haja ya kuuliza zaidi. Wa pili huidharau, wakisema kwamba moyo wa mtu hauhesabiki, na kuiweka karatasi sandukuni bila kuitazama tena. Twadhani wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja: hawajachunguza karatasi hii ilitengenezwaje, wala maneno yake humfikiaje yule anayeulizwa. Katika makala haya twataka kuyaeleza mambo hayo mawili, kisha kusema neno juu ya swali moja ambalo mwalimu hana ruhusa ya kulifanyia uzembe.

Asili ya karatasi hizi

Desturi ya kumwuliza mtu habari za moyo wake kwa karatasi si ya zamani sana. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya kwanza mwaka 1917, mtaalamu mmoja, Robert Woodworth, alitakiwa kutafuta njia ya kuwatambua askari ambao akili zao zingeweza kushindwa na vitisho vya vita. Askari walikuwa wengi mno, na madaktari hawakutosha kuzungumza na kila mmoja. Basi akatunga orodha ya maswali 116 ya kujibiwa kwa ndiyo au siyo. Vita vilikwisha kabla orodha hiyo haijapata kutumika ipasavyo, lakini shauri lake lilibaki, nalo ni hili: pale ambapo wenye kusikiliza ni wachache na wenye kuumia ni wengi, karatasi yaweza kutangulia mbele kumtafuta yule anayehitaji kusikilizwa.

Mwaka 1960 Max Hamilton, daktari wa Leeds katika Uingereza, alitoa kipimo cha huzuni, lakini chake hujazwa na daktari baada ya kumwona mgonjwa. Mwaka 1961 Aaron Beck wa Philadelphia alitoa kipimo cha namna nyingine, chenye mafungu 21 ya sentensi, na katika kila fungu mgonjwa huchagua mwenyewe sentensi inayolingana na hali yake. Yafaa kukumbuka kwamba hapo mwanzo sentensi hizo zilisomwa kwa sauti na mwulizaji, mgonjwa akifuata katika nakala yake. Kwa hiyo mwalimu anayemsomea mtu asiyejua kusoma hafanyi jambo geni. William Zung alifuata mwaka 1965 na Lenore Radloff mwaka 1977, kila mmoja na karatasi ya maswali 20. Mwaka 1987 John Cox na wenzake walitoa karatasi ya Edinburgh ya maswali 10, iliyokusudiwa akina mama waliojifungua karibuni.

Karatasi inayotufikia sisi mara nyingi kuliko zote ni ile ya maswali tisa, ijulikanayo kwa herufi PHQ-9, ambayo Robert Spitzer, Kurt Kroenke na Janet Williams waliieleza mwaka 2001. Maswali yake tisa yafuata dalili tisa ambazo madaktari wa Marekani huzitumia kuutambua ugonjwa wa huzuni: kukosa furaha katika mambo, moyo kuwa mzito na kukata tamaa, usingizi kuharibika, uchovu, ulaji kuharibika, kujiona mtu asiyefaa, akili kushindwa kutulia, mwendo na usemi kupungua, au kinyume chake, kuhangaika bila kutulia, na mwisho, mawazo ya kufa au ya kujidhuru. Mtu huulizwa juu ya wiki mbili zilizopita, naye huchagua jibu moja katika manne: hata kidogo, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, au karibu kila siku. Majibu hayo hupewa alama 0, 1, 2 na 3. Jumla yake haiwezi kuzidi 27. Kuanzia 5 huitwa huzuni ndogo, kuanzia 10 ya wastani, kuanzia 15 nzito kiasi, na kuanzia 20 nzito sana.

Hesabu yasema nini, na nini haisemi

Alama 10 ndiyo iliyozoeleka kuwa mpaka. Watungaji wa karatasi walipoilinganisha na mahojiano ya wataalamu, waliona kwamba katika kila wagonjwa 100 mpaka huo uliwanasa 88, na katika kila wazima 100 uliwaacha 88 wapite salama. Mtu akisikia hivyo hudhani kwamba kila aliyefika 10 yu mgonjwa kwa hakika ya 88 kwa mia. Sivyo kabisa, na twaomba msomaji atwae kalamu ahesabu pamoja nasi.

Tuseme parokia ina watu wazima 1,000, na katika hao 50 wana ugonjwa huu kweli. Karatasi itawanasa 44 katika wale 50. Waliobaki ni wazima 950. Lakini katika kila 100 wao, 12 watavuka mpaka bila ya kuwa wagonjwa, nao jumla ni 114. Basi waliovuka mpaka ni 44 na 114, yaani 158. Na katika hao wagonjwa wa kweli hawafiki hata theluthi. Tena wako 6 walio wagonjwa ambao karatasi imewapita, nao wataambiwa kwamba ni wazima.

Haya si mahesabu ya kujifurahisha. Mwaka 2020 wataalamu waliokusanya tafiti nyingi walionyesha kwamba mahali ambapo mahojiano kamili yalikuta ugonjwa kwa watu 12.1 kwa mia, karatasi ya maswali tisa peke yake, kwa mpaka wa alama 10, ilihesabu 24.6 kwa mia, yaani mara mbili na zaidi. Kwa hiyo mwalimu asomaye katika taarifa kwamba robo ya wanafunzi wa mahali fulani ni wagonjwa wa huzuni, na aulize kwanza: walihesabiwa kwa karatasi, au walizungumzwa nao?

Lakini mwenye kuidharau karatasi naye asishangilie. Kama si karatasi, wale 44 nani angewajua? Karibu wote wangalipita mbele yetu kila Jumapili wakisema ni wazima. Ungo huchekecha unga na hupitisha chenga moja moja. Hakuna mpishi autupaye kwa sababu hiyo, ila hutazama tena kwa macho yake kabla ya kusonga. Karatasi ni ungo. Kutazama tena ni kazi yetu, au kazi ya tabibu tunayempelekea mtu.

Majina ya ugonjwa

Sasa twafika katika lugha. Ugonjwa huu hauna jina moja lililokubaliwa na Waswahili wote. Katika Tanzania wataalamu wamechagua neno *sonona*. Ni neno zuri lenye asili ya kwetu: kusonona ni kuuma kwa maumivu ya ndani, na mtu aliyesononeka ni yule anayeumia rohoni bila ya jeraha kuonekana. Walakini kijijini si wote walijualo kama jina la ugonjwa. Wengine huandika *unyogovu*. Juu ya neno hili twataka kuonya, kwa maana katika masikio ya watu wengi hukaribia ulegevu na uvivu. Mgonjwa ambaye tayari anajilaumu kwa kuwa hawezi kuamka kwenda shambani, akiambiwa ana unyogovu, hudhani amekaripiwa. Wengine husema *mfadhaiko*, lakini mtu hufadhaika hata kwa jambo la saa moja.

*Huzuni* ndilo neno lililo wazi kuliko yote, nalo lina hatari yake: huzuni si ugonjwa. Aliyefiwa ana huzuni, na desturi zetu zimempa matanga, ndugu wa kulala naye, na watu wa kumpikia. Karatasi haijui matanga ni kitu gani. Madaktari wa Marekani wenyewe walikuwa na kanuni ya kumwacha kando aliyefiwa karibuni asihesabiwe mgonjwa, kisha mwaka 2013 wakaiondoa, nao hawakuacha kubishana juu yake. Kwetu yatosha kusema hivi: mwulizaji asianze kusoma karatasi kabla hajajua kama nyumba hiyo ina msiba.

Wenye kuumwa wenyewe hawasemi hata moja katika majina haya. Husema, “Nina mawazo.” Husema, “Moyo mzito,” “Roho haitulii,” “Mwili wote umekufa ganzi,” “Chakula hakipiti,” “Usingizi ni wa mang'amung'amu.” Mara nyingi huanza na mwili: kichwa, kifua, mgongo, moyo kwenda mbio. Asiyejua hudhani mtu huyu hana ugonjwa wa moyo bali wa kichwa, akampa dawa ya maumivu na kumwambia aende zake.

Majirani zetu wametangulia katika kuyatazama haya. Katika Zimbabwe watu wa Kishona wana neno *kufungisisa*, yaani kufikiri kupita kiasi, na karatasi ya maswali 14 iliyotolewa mwaka 1997 na Vikram Patel na wenzake ilitungwa kwa maneno ya wagonjwa wa huko, haikufasiriwa kutoka Kiingereza. Katika Uganda, wilaya za Rakai na Masaka, wachunguzi kabla ya kupima chochote waliwauliza wanakijiji wayataje mateso yao kwa Kiganda, wakapewa majina mawili, *yo'kwekyawa* na *okwekubazida*, la kwanza likiwa na maana ya kujichukia na la pili ya kujisikitikia. Baada ya hapo ndipo walipotengeneza kipimo, wakakitumia katika vijiji 30, na habari zake zikatolewa mwaka 2003. Huo ndio utaratibu ulio sawa: kwanza kusikiliza, halafu kuandika, halafu kupima.

Maswali yenyewe katika Kiswahili

Tuyatazame baadhi ya maswali ili mwulizaji ajue penye mashimo.

Swali la kwanza hutumia mara nyingi neno *hamu*: je, umekosa hamu ya kufanya mambo? Katika usemi wa sasa hamu ni shauku, na mtu huelewa. Lakini katika lugha ya kale hamu ilikuwa pia majonzi na mashaka ya moyo, kama ilivyo asili yake ya Kiarabu, na mzee wa pwani aliyelelewa na tenzi aweza kusita kidogo: kukosa hamu si jambo jema? Tena neno hilo likisimama peke yake, wengine huelekeza fikira kwenye chakula au kwenye mambo ya unyumba. Ni afadhali kusema waziwazi: “Mambo yaliyokuwa yakikufurahisha zamani, siku hizi bado yanakufurahisha?” kisha kutaja moja analolipenda, kama ngoma, mpira, kwaya au mazungumzo ya barazani.

Swali la ulaji lina mambo mawili yanayopingana, kukosa hamu ya kula na kula kupita kiasi, yakiwa yamefungwa pamoja. Na swali la usingizi ni hivyo hivyo. Mwulizaji ayatenge, aulize moja baada ya jingine. Zaidi ya hayo, katika miezi ya njaa kabla ya mavuno mtu atajibu kwamba hali vizuri karibu kila siku, na jibu lake ni kweli, lakini ni habari ya ghala wala si ya moyo. Vivyo hivyo wakati wa mfungo. Ulizo linalofaa ni hili: “Chakula kikiwapo, hupita?” Uchovu nao: mkulima wa wakati wa palizi amechoka, na mama mwenye mtoto mchanga hakulala. Ndiyo sababu watungaji wa karatasi ya Edinburgh waliacha makusudi dalili nyingi za mwili, wakauliza zaidi habari za moyo, kwa kuwa mama aliyejifungua huchoka hata akiwa na furaha.

Swali la saba, juu ya akili kushindwa kutulia, hutoa mfano wa kusoma gazeti au kutazama televisheni. Kwa asiye na gazeti wala televisheni mfano huo hauna maana, naye atajibu “hata kidogo” kwa kuwa hajapata kusoma gazeti. Badala yake yafaa kutaja kufuata mahubiri mpaka mwisho, kucheza bao bila ya kusahau kete, au kusikiliza hadithi na kuweza kuisimulia.

Kisha liko jambo la *ndiyo*, ambalo limeharibu karatasi nyingi kuliko tunavyojua. Kwa Kiswahili, neno ndiyo huthibitisha maneno ya aliyeuliza, jinsi yalivyo. Kijana akimwuliza mzazi, “Mama, wiki hii hukupata usingizi?” naye akijibu, “Ndiyo, mwanangu,” maana yake ni kwamba hakupata. Lakini Mwingereza aulizwapo hivyo kwa lugha yake, akisema ndiyo atakuwa na maana kwamba alipata. Mwandishi aliyefundishwa kazi hii kwa Kiingereza, tena mwenye haraka, aweza kuandika kinyume cha alichoambiwa. Hatari huzidi katika karatasi ya Radloff, ambayo maswali yake manne katika 20 yamegeuzwa yakauliza mema, kama furaha na matumaini, na alama zake huhesabiwa kinyume. Shauri letu ni kwamba swali lolote lisiulizwe kwa kitenzi cha kukanusha, na kila jibu lirudiwe kwa sentensi nzima: “Yaani usingizi ulikataa, je, siku ngapi?”

Siku nazo si rahisi. “Zaidi ya nusu ya siku hizo” ni hesabu ya darasani. Wiki mbili zifungwe katika jambo ambalo mtu analikumbuka: tangu Jumapili ya juzi, au tangu magulio mawili yaliyopita. Yaweza pia kuwekwa mbele yake maharagwe 14, kila moja kwa siku moja, naye akaambiwa atenge siku zilizokuwa mbaya. Mwulizaji atahesabu mwenyewe: likitengwa hata moja mpaka saba ni siku kadhaa, kuanzia manane ni zaidi ya nusu, na yakikaribia kwisha ni karibu kila siku. Njia hii haimwaibishi asiyejua hesabu, tena mikono ikishughulika, ulimi hulegea.

Adabu ya kuuliza

Hata maneno yakiwa mazuri, desturi yaweza kuyabatilisha. Mgeni wetu huanza na salamu, na salamu zetu zina jibu lake. “Habari za nyumbani?” “Nzuri.” “Za watoto?” “Nzuri, ila mdogo tulimzika juzi.” Asiyezaliwa katika lugha hii hushangaa, lakini sisi twajua kwamba “nzuri” ya kwanza ni heshima, na habari yenyewe huja baada ya “ila.” Basi mtu akiulizwa maswali tisa mfululizo mara tu baada ya kuamkiana, hujibu kwa adabu ya salamu: hata kidogo, hata kidogo, hata kidogo. Karatasi imejazwa, na jumla ni sifuri, wala haina neno moja la kweli. Dawa yake ni kukaa. Na tungoje “ila” itoke kwanza, ndipo karatasi ifunuliwe.

Tena tutazame ni nani anauliza. Kijana hapaswi kumwuliza mama mtu mzima habari za usingizi na ulaji kabla ya kumwamkia ipasavyo na kuomba radhi: “Shikamoo, mama. Nitakuuliza mambo ambayo mtoto haulizi mzazi. Uniwie radhi, nimetumwa kwa faida ya afya.” Mwanamke aulizwe na mwanamke iwezekanapo. Mume asikae karibu, wala mavyaa, kwa maana swali la sita, juu ya kujiona umeshindwa mbele ya jamaa zako, halijibiki mbele ya jamaa wenyewe. Shuleni wanafunzi wasijaze karatasi wakiwa wamebanana benchi moja, wala kiranja asizikusanye. Na sisi makasisi na walimu tujihadhari zaidi: wako watu ambao hawatakubali mbele yetu kwamba wamekata tamaa, kwa kuwa wanadhani kukata tamaa ni kukosa imani, nao hawataki tuwaone wamekosa imani. Tuwaambie mapema kwamba ugonjwa wa moyo ni ugonjwa, kama malaria. Maswali haya yasiingizwe kamwe katika maungamo, wala yaliyosemwa katika maungamo yasiandikwe karatasini.

Swali la tisa

Tumefika katika swali ambalo kwa ajili yake tumeandika makala haya. Swali la tisa lauliza kama mtu amekuwa na mawazo kwamba afadhali angekufa, au ya kujidhuru. Alama yake huingia katika jumla kama nyingine, na hapo ndipo palipo na hatari. Mtu aweza kupata jumla ya 4, ndogo kabisa, na katika hiyo 4 alama mbili zikatoka katika swali la tisa. Mwenye kutazama jumla peke yake atampanga miongoni mwa wazima.

Watu wetu hawalisemi jambo hili wazi. Husema, “Nimeichoka dunia,” “Sina kazi tena hapa,” “Mungu angenichukua tu.” Mzee wa miaka 80 akisema hivyo huenda anajiandaa kwa safari ya kila mtu; binti wa miaka 16 akisema maneno yale yale, si maneno yale yale. Wengine huficha kwa hofu ya sheria. Sheria zilizoletwa na Waingereza zilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai; Uingereza yenyewe iliacha sheria hiyo mwaka 1961, na katika Kenya Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba. Hofu ya polisi imewafanya wengi wanyamaze, na jamaa zao pia. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua; lakini hapa wengi huficha kwa kuwa wanaona hakuna mlango wa kuyatolea.

Wako wasomaji waogopao kuuliza wasije wakatia wazo hilo ndani ya kichwa cha mtu. Hofu hiyo haina msingi: uchunguzi haukuonyesha kwamba kuulizwa kwa upole humsukuma mtu, na wengi hupata nafuu kwa kuwa hatimaye kuna aliyeuliza. Basi jibu la swali la tisa likiwa lolote lisilo “hata kidogo,” hata kama jumla ni ndogo, yatupasa kufanya haya siku ile ile. Tusimkaripie wala tusimhubirie. Tumwulize kama amefikiri namna ya kufanya, na kama kitu hicho anacho. Sumu ya wadudu wa pamba au ya panya iondolewe nyumbani na kuwekwa kwa jirani. Asiachwe peke yake. Apatikane ndugu anayempenda, kwa ridhaa yake, wa kukaa naye. Apelekwe hospitali, nasi tufuatane naye, tusimpe barua tu aende. Na kabla ya kuanza maswali tumwambie kwamba siri yake twaitunza yote, isipokuwa uhai wake ukiwa hatarini. Karatasi zote zisomwe papo hapo, swali la tisa kwanza, kabla watu hawajatawanyika. Aliyetia alama mahali pale amebisha hodi kwetu. Nasi tukiiweka karatasi sandukuni mpaka mwisho wa mwezi, tumemwacha amesimama mlangoni.

Kama mtu akiuliza kwamba katika nchi zenye madaktari wachache kuna faida gani kumjua mgonjwa, jibu liko Harare. Huko Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha wanawake watu wazima wa mtaani, watumishi wa afya wasio madaktari, kukaa na wagonjwa juu ya benchi nje ya zahanati, kuwauliza yale maswali 14 ya Kishona, na kisha kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Jambo hilo lilijaribiwa kwa watu 573 katika zahanati 24, na habari zake zikatolewa mwaka 2016: baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za huzuni walikuwa 13.7 kwa mia miongoni mwa wale wa benchi, na 49.9 kwa mia miongoni mwa wale waliopata matibabu ya kawaida. Karatasi ilifungua mazungumzo, na mazungumzo ndiyo yaliyoponya.

Twamaliza kwa ombi. Kila wilaya ina maneno yake ya kutaja moyo unaoumwa, na mengi hayajaandikwa mahali popote. Wasomaji wetu walioko bara na pwani, Unyamwezi na Lamu, Ujiji na Bukavu, wakituletea maneno hayo pamoja na sentensi ambazo watu huyatumia ndani yake, tutayakusanya na kuyachapa katika kurasa hizi. Hatutaki majina ya wagonjwa wala habari zitakazowatambulisha. Twataka maneno tu, ili siku nyingine mtu akiulizwa habari za moyo wake, aulizwe kwa lugha ambayo moyo huo huisema.